Ataulizwa Nani kwa Bahari?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo: ndugu zangu, karatasi hii nimeiandika kwa sababu ya swali moja nililoulizwa mbali sana na pwani, na mtu ambaye bahari hajapata kuiona kwa macho yake, nami nikashindwa kumjibu palepale.

Kitandililo ni kata katika nchi ya Wabena, upande wa Makambako, mkoa wa Njombe. Wenzetu wanaofanya biashara ya nafaka wapajua Makambako, kwani ndipo reli ya TAZARA na barabara kuu ya Mbeya zipitapo, na ndipo njia ya Njombe na Songea itengukapo. Nami nalikwenda kwa shughuli hiyo hiyo, kununua mahindi ya msimu uliopita ambayo wakulima huyaweka mpaka bei ipande. Mwenyeji wangu, mzee wa makamo, alinipokea kwa "Kamwene", kisha akaniita Shehe kwa ajili ya kofia yangu, maana kule bara kila avaaye kofia ni shehe. Nalimkuta shambani akitia mbolea ya kukuzia. Alikuwa na kizibo cha chupa ya soda, ndicho waitacho kisoda, na kila shina la muhindi alilipa kisoda kimoja cha yurea, akafukia kwa mguu, akaenda shina la pili. Hakuongeza wala hakupunguza.

Nikamwambia, na sasa najuta kwa namna nilivyosema, "Mzee wangu, mbolea hii mvua huichukua ikateremka na mito, ikaja kutuharibia bahari yetu." Nalikuwa nimesikia khabari hizo, nami nikazirusha kama mtu arushavyo jiwe asiangalie laangukia wapi. Yeye hakunijibu mpaka amemaliza mstari wake. Kisha akasema, "Shehe, mimi bahari sijaiona. Ardhi hii bila kisoda hiki hainipi gunia la kuwalisha watoto, wala hilo ulilokuja kulinunua wewe. Basi niambie katika dini yako: Mungu ataniuliza mimi kwa samaki wako?"

Hili ndilo swali. Mtu afanya jambo la halali, katika shamba lake, kwa nia njema, kwa kipimo kidogo. Na khasara, ikiwa ipo, yatokea mahali asipopajua, juu ya watu asiowajua, tena haitokei kwa kitendo chake peke yake illa kikijumlishwa na vitendo vya maelfu ya watu wengine. Je, juu yake pana dhambi? Ikiwa hapana dhambi juu yake, wala juu ya wa pili, wala wa tatu, basi bahari imeharibiwa na nani?

Kabla ya kuingia katika hukumu, yatupasa kujua jambo lenyewe lilivyo, kwani hukumu ya mtu asiyejua sura ya jambo haina thamani. Mimea yataka chakula kama viumbe vingine, na katika vyakula vyake vikubwa mna nitrojini na fosforasi. Vitu hivi si sumu, ni neema. Ndiyo rutuba yenyewe. Zamani mkulima aliipata kwa samadi ya ng'ombe na kwa kupumzisha ardhi. Mwaka 1909 Mjarumani Fritz Haber akavumbua njia ya kuitoa nitrojini katika hewa, na mwaka 1913 Carl Bosch akaifanya kazi ya kiwanda. Na leo wataalamu wakadiria kuwa karibu nusu ya wanadamu walio hai wala chakula kilichooteshwa kwa nitrojini ya viwandani. Anayeilaani mbolea na akumbuke idadi hiyo kwanza.

Walakini rutuba hii ikiingia baharini kwa wingi, hulisha yaliyomo baharini. Vimea vidogo visivyoonekana kwa jicho huzaana mpaka maji yakabadilika rangi, na mwani wa kijani hutambaa juu ya miamba. Vimea hivyo vikifa huzama na kuoza, na katika kuoza hula ile oksijeni ambayo samaki huivuta ndani ya maji. Basi samaki wenye mbio hukimbia, na kaa na chaza wasioweza kukimbia hufa. Sisi watu wa pwani tukisema maji mafu twakusudia siku zile za mwezi ambazo maji hayajai sana wala hayapwi sana. Lakini haya niyatajayo ni mafu kweli. Mwaka 2008 wataalamu wawili, Diaz na Rosenberg, walihesabu sehemu zaidi ya 400 za namna hii katika pwani za dunia. Iliyo mashuhuri ni ile ya Ghuba ya Mexico, mbele ya mto Mississippi wa Marekani, ambayo katika kiangazi cha mwaka 2017 ilipimwa ikawa zaidi ya kilomita za mraba 22,000. Na rutuba yake kubwa hutoka katika mashamba ya mahindi yaliyo mbali sana bara, ya wakulima ambao wengi wao, kama mzee wangu wa Kitandililo, hawana habari na kamba wa ghuba.

Ama matumbawe yetu yana khatari ya pili. Tumbawe huishi katika maji safi, membamba, yenye chakula kidogo na nuru nyingi. Rutuba ikizidi, mwani humpanda akakosa mwangaza, na vimelea vya tumbawe jipya havipati mahali pa kushika. Na tumbawe likifa, changu na tasi na pweza wapoteza nyumba zao. Hapa nisidhulumu: si kila tumbawe lililokufa katika pwani yetu limeuawa na rutuba. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi, Mafia na kwingineko, na baruti ya wavuvi wetu wenyewe imevunja mengine. Lakini mgonjwa mwenye homa akipigwa na njaa juu yake hapati kuinuka.

Najua wako watakaosema palepale: bahari haichafuki. Watasema, Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya maji ya bahari alijibu kuwa ni tahiri na mfu wake ni halali, na wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wamesema maji yakifika kula mbili hayanajisiki mpaka yabadilike rangi au ladha au harufu, seuze bahari! Jawabu ni kuwa mmesema kweli, lakini mmejibu swali lisiloulizwa. Mlango wa tahara ni mlango mmoja, na mlango wa madhara ni mwingine. Yurea yenyewe ni tahiri. Ukiimwagia kanzuni utasali nayo. Lakini ukimwagia jirani yako gunia zima juu ya mche wa mnazi ukafa, kadhi hatakuuliza kama ilikuwa najisi, atakuuliza mnazi wa mwenzio. Kwa hiyo mtu aweza kutawadha kwa maji ya bahari ambayo ndani yake samaki hawapati kupumua, na udhu wake ukasihi, na dhulma ikabaki palepale. Tumezoea mno kupima maji kwa mizani ya udhu peke yake, hatta tumesahau kuwa ndani yake mna viumbe na riziki za watu. Na katika Suratu 'r-Rum, aya ya 41, Mola ametaja ufisadi wa bara na wa bahari kwa pamoja, akauegemeza kwa mikono ya watu. Hakuuegemeza kwa najisi.

Basi tumrudie mkulima. Katika Bukhari na Muslim imepokewa khabari ya Zubeir bin al-Awwam na mtu mmoja katika Ansari, waliogombana juu ya mfereji wa Harra waliokuwa wakinyweshea mitende. Shamba la Zubeir lilikuwa juu. Mtume aliamua kwamba Zubeir anyweshe, kisha amwachie jirani maji. Na yule mtu alipokasirika na kusema maneno yasiyofaa, Mtume akampa Zubeir haki yake kamili, ayazuie maji mpaka yafike kwenye kingo, ndipo ayaachilie. Katika hukumu hii mna mambo mawili: aliye juu ya mto ana haki ya kutangulia, na haki yake ina kingo. Na mafakihi wetu wakaendelea, wakasema: mtu akinywesha shamba lake, au akiwasha moto katika shamba lake, kwa kadiri ya ada, kisha maji au moto ukavuka kwa jirani, halipi, lakini akizidisha kuliko ada, au akiuwasha hali upepo ni mkali, atalipa.

Pimeni kisoda kwa kipimo hiki. Mfuko wa yurea wa kilo 50 mna nitrojini kilo 23. Mkulima wa Kitandililo aununua kwa jasho. Mwaka 2022 bei zilipopanda duniani, serikali ilitoa ruzuku ndipo mfuko ukauzwa shilingi 70,000, na hatta hiyo kwake si pesa kidogo. Hamwagi. Katika mkutano wa Abuja wa mwaka 2006 viongozi wa Afrika walitaja kwamba wakulima wa kusini ya Sahara watumia kilo 8 tu za rutuba ya viwandani kwa hekta, wakataka zifike 50. Na nchi nyingine za dunia hupita hapo mara nyingi. Ardhi yake yapoteza katika mavuno kuliko inavyorudishiwa.

Kisha tazameni njia. Makambako iko juu ya mgongo wa nchi. Mvua yake ikiteremka upande wa Usangu huingia Ruaha Mkuu, na ikiteremka upande wa mashariki huingia mito ya Kilombero. Na zote mbili mwisho wake ni Rufiji, nayo huingia baharini kwenye ile mikoko mikubwa inayokabiliana na Mafia. Lakini upande wa Ruaha pana kinamasi cha Ihefu, nacho ni kama chujio. Pana mashamba ya mpunga ya Usangu, ambayo tangu mwaka 1993 yameunywa mto hatta katika kiangazi ukawa hukauka njiani. Pana Mtera, pana Kidatu. Na tangu Disemba 2022 maji ya pande zote mbili yasimama kwanza katika bwawa la Julius Nyerere. Kisoda cha mzee wangu kina safari ndefu na vizuizi vingi. Na baadhi ya wajuzi wa delta wana hofu kinyume cha ile niliyokwenda nayo Kitandililo: kwamba bwawa litazuia tope, na kwa tope rutuba, na mikoko na kamba wa Rufiji watapungukiwa na chakula chao cha asili. Neema hii ikizidi hudhuru, ikipungua hudhuru. Mola ameweka mizani, nasi twacheza na pande zake zote mbili.

Sisemi kwamba mkulima hana lake. Wako walimao vinyungu katika mabonde mpaka ukingoni mwa kijito, na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi kama hizo ndani ya mita 60 za mto. Huo ndio moto uwashwao hali upepo ni mkali, na mwenyewe alikiri kuwa majirani zake hufanya hivyo, na mwaka mmoja hatta yeye. Lakini shamba lake la mahindi, mlimani, kwa kisoda, siwezi kulitia hatiani. Na lau ningekuwa kadhi ningemwacha aende zake.

Haya yote nikayafikiri nikiwa nimeketi mbele ya lori, twateremka mlima Kitonga, na nyuma yangu gunia 100 za mahindi. Ndipo nikashtuka. Mahindi makavu, katika kila kilo 100, mna nitrojini kilo moja na nusu hivi, maana hiyo ndiyo iliyo ndani ya kile kinachojenga mwili. Gunia 100 za kilo mia mia, basi, zimebeba nitrojini kama kilo 150: zaidi ya mifuko sita ya yurea. Rutuba ya Kitandililo haihitaji mto kuja baharini. Yaja kwa lori, nami ndiye niliyelipa nauli.

Yaenda wapi ikifika? Husagwa ikawa ugali, huingia matumboni mwetu, na mtu mzima asiyekua tena haihifadhi. Kadiri alavyo ndivyo atoavyo, na sehemu kubwa hutoka katika mkojo. Wataalamu wakadiria kuwa mtu mmoja hutoa nitrojini kilo 2 na nusu mpaka 4 kwa mwaka, kwa kadiri ya chakula chake. Shika ile ndogo. Watu tisa kwa mwaka ni mfuko mmoja wa yurea. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika Mkoa wa Mjini Magharibi wa Unguja karibu watu laki tisa: hiyo ni mifuko laki moja kila mwaka, na wote wamekaa juu ya kisiwa cha mawe ya matumbawe ambayo hupitisha maji kama ungo. Dar es Salaam ilihesabiwa zaidi ya watu milioni 5. Si yote ifikayo baharini. Nyingine hubaki mashimoni, nyingine hurudi hewani. Lakini katika Mji Mkongwe mabomba ya maji machafu yalimwagwa baharini miaka mingi bila ya kusafishwa, na mwaka 1995 wanazuoni wa elimu ya bahari waliotafiti mbele ya mji huo walionyesha kwamba karibu na maji machafu, palipo na fosforasi nyingi, ule mwani mgumu wa rangi ya waridi unaoshikamanisha mawe ya matumbawe ulikuwa umepungua, na kadiri walivyokwenda mbali ulizidi. Hapo palikuwa hapana shamba la Mbena hatta moja.

Ndugu zetu wa Maskati nao wana kisa. Tangu Agosti 2008 mpaka Mei 2009 maji mekundu yalitanda katika bahari ya Oman na Ghuba. Samaki wakafa kwa tani nyingi, na mitambo ya kutengeneza maji ya kunywa ikalazimika kusimama, watu wa majangwa wakaona bahari ikiwanyima hatta maji. Wataalamu wataja sababu nyingi za msiba ule, na rutuba ya maji machafu ya miji ni moja katika hizo.

Basi mafakihi husema kwamba wakikutana aliyesababisha kwa mbali na aliyetenda kwa mkono wake, dhamana humwelekea mtendaji. Mimi nalikwenda bara kumshitaki msababishaji, na mtendaji amevaa kofia yangu.

Hapa latokea lile swali gumu lenyewe, ambalo kuligeuza kutoka kwake kuja kwetu hakulimalizi. Maana nami naweza kusema kama alivyosema: mimi ni mtu mmoja, mkojo wangu katika bahari ni nini? Na babu zangu walifanya haya haya, na bahari yao ilijaa samaki. Maneno haya yote mawili ni ya kweli, na ndiyo maana jambo hili lina uzito. Babu zetu hawakukosa. Nyumba kumi ufuoni, na bahari imewapa samaki, wakairudishia chakula cha samaki. Huo ulikuwa mzunguko mwema. Nasi hatuzidi ubaya kuliko wao. Hatta yamkini tu wasafi zaidi kwa miili. Kilichozidi ni idadi yetu. Kitendo ni kile kile, na hukumu imegeuka bila ya mtendaji kugeuka. Jambo hili lazipa taabu akili zetu, kwani tumezoea kuitafuta dhambi katika nia au katika sura ya tendo, wala hatukuzoea kuitafuta katika hesabu ya watendao pamoja nasi.

Lakini sharia si ngeni katika hayo. Wanazuoni wa usuli wametufundisha kuwa hukumu huandamana na illa yake. Illa ikiwapo huwapo, ikiondoka huondoka. Ada iliruhusiwa kwa kuwa haikumdhuru jirani. Siku imdhuruyo, jina la ada halitaifunika. Na Bukhari amepokea kwa Nu'man bin Bashir mfano alioupiga Mtume wa watu wa jahazi, waliopiga kura, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini walikuwa wakipanda juu kuteka maji, wakaona wawaudhi wenzao. Wakasema, heri tutoboe katika fungu letu. Ikiwa wa juu watawaacha, wote wataangamia. Wakiwashika mikono, wote wataokoka. Mara nyingi tumelisikia hadithi hili mimbarini kwa ajili ya walevi na wacheza kamari. Mimi sasa lanishangaza kwa jambo jingine: waliotaka kutoboa hawakuwa waovu. Walitaka kupunguza maudhi, na walitoboa katika fungu lao. Nia ilikuwa njema na mahali palikuwa pao, na jahazi lingezama vile vile.

Kwa hiyo mimi nasema, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mambo haya dhambi haigawanyiki kama fungu la nyama, kila mtu akapata kipande kidogo mpaka kikapotea. Yafanana zaidi na fardhi kifaya. Maiti akiwa hajazikwa katika mtaa wa watu 1000, mtu hasemi, "Dhambi yangu ni moja katika elfu, ni vumbi tu." Wakisimama wachache wakamzika, wote wamesalimika, wakimwacha, kila aliyejua na akaweza yumo katika dhambi nzima. Vivyo hivyo maji machafu ya mtaa. Sharti zake ni zile mbili, kujua na kuweza. Wala hapana sharti ya kuona bahari, wala sharti ya kuwa fungu lako ni kubwa. Mzee wa Kitandililo hakuwa akijua, na uwezo wake ni kisoda. Mimi najua, na bomba liko mlangoni pangu.

Wako wasemao, hii ni kazi ya serikali na manispaa. Ni kweli kwamba mabomba ya mji mzima na mabwawa ya kutuliza maji machafu hayajengwi na mtu mmoja. Lakini mbona kuzika hatukungojea manispaa? Shimo lenye kuta na vyumba viwili, mbali na ufuo, fundi wa mtaa alijua; bustani ya matete ya kuchujia maji yaliyotoka shimoni imekwisha jaribiwa katika nchi yetu ikafaa; mikoko iliyo mbele ya mji nayo ni chujio, nasi twaikata tupate boriti. Hatta kuirudisha rutuba shambani hakukufungwa mlango: Mashafi, ijapokuwa kwetu kuuza najisi hakusihi, wamejuzisha kutia shambani samadi ya najisi pamoja na karaha, na mazao yake ni tahiri. Mara nyingi nafikiri, lori lile likirudi Makambako tupu lakosa shehena ambayo Mbena angeifurahia. Lakini najua nikilisema hili barazani nitachekwa, basi naliacha hapa karatasini.

Ama bomba la mlangoni pangu ni hili. Msikiti ninaosali, mji wake siutaji kwani nia si kuwaumbua watu, una vyoo sita na mahali pa kutawadhia, na maji yake yote hupita katika bomba moja yakamwagika ufuoni, hatua chache chini ya kibla. Bamvua likipwa, mbele ya bomba waona mwani wa kijani umetandaa kama zulia, laini, mtu huteleza. Ukienda hatua 100 kushoto au kulia hauoni, waona mawe na majani ya kawaida. Tangu utotoni nimelitazama zulia lile nikiliona zuri. Tulikuwa tukiteleza juu yake tukicheka.

Niliporudi kutoka Kitandililo nalilipeleka jambo hili katika kamati. Mmoja alisema bomba liliwekwa na wazee wetu. Mwingine alisema bahari ni kubwa. Mwingine, ambaye ni mvuvi wa dema, hakusema neno, lakini nalimwona akinitazama. Fundi akaitwa, akapima uwanja wa nyuma, akasema shimo la vyumba viwili laweza kukaa pale, akataja bei. Na bei yake yalingana takriban na fedha iliyokwisha changwa kwa ajili ya busati jipya la ndani. Busati la sasa limechakaa kweli, sikatai. Kamati ikaahirisha mpaka baada ya Mfunguo Mosi, kisha ikaahirisha tena.

Kikao kingine kimewekwa Ijumaa ya pili ya Mfunguo Nne, baada ya sala. Yule mvuvi wa dema amenitumia salamu kuwa safari hii atasema.